Nishani Niliyompa Ndugu Yako

Nyumba ya kona,
Nyuma ya kiwanda cha sabuni.
Jumatano, tarehe 9, mwezi wa tatu.

Mpendwa mjukuu wangu,

Hujambo wewe? Mkeo hajambo? Na yule mtoto ambaye mpaka leo nimemwona kwenye picha tu, kikohozi kimekwisha? Mwambieni asilale na soksi zenye unyevu. Nasema hivyo kwa sababu kwenye picha ya mwisho soksi zake zilikuwa zimelegea vifundoni, na soksi iliyokauka vizuri hailegei vile. Nimefua nguo za watu miaka arobaini na sita, hunidanganyi kwa picha.

Mimi ni mzima, ukiacha magoti, na magoti nayo nimeyazoea kama mtu anavyozoea majirani wabaya. Mama yako mkubwa hajambo, anakula, analala. Ile mashine ya kufulia uliyotununulia inafanya kazi, ila inatetemeka mpaka inatembea. Juzi tuliikuta karibu na mlango kama inayotaka kwenda zake. Fundi amekuja akaiwekea mpira chini, sasa imetulia, inanung'unika tu.

Utaushangaa mwandiko. Ndiyo, ni wangu. Barua zote ulizowahi kupata kutoka kwangu aliziandika mwalimu jirani, ndiyo maana zilikuwa na adabu. Hii naiandika mwenyewe kwa penseli, na leo ni siku ya nne, kwa sababu sikutaka mwalimu ayasikie yaliyomo kabla yako. Shule niliiacha darasa la tatu. Ukikuta neno limepinda, linyooshe uendelee. Na kama unaisomea kazini, toka kwanza ndani ya hizo lifti unazozitengeneza, ukae mahali pasipopanda wala kushuka.

Ni habari ya lile koti.

Najua hujalisahau. Lakini nitaanza mwanzo, kwa sababu sijawahi kulisema jambo hili lote kutoka kichwa mpaka mkia, na pia nataka mkeo asome ajue ameolewa katika ukoo gani.

Wewe na marehemu ndugu yako, mtoto wa baba yako mkubwa, wote wawili mlipewa jina la babu yenu. Hilo lilikuwa kosa la babu yenu, alitaka kuitwa mara mbili. Ndiyo maana yeye tukamwita Mrefu na wewe tukakuita Kimya. Mlipojiandikisha jeshini pamoja, jina kifuani likawa moja, na makoti yakawa ya kipimo kimoja, la kwako linakufika magotini. Basi nikafanya kama nifanyavyo kwa nguo za wateja wote: nikashona alama chini ya kola, pale ambapo mwenye nguo mwenyewe haoni. Mrefu nikamtia uzi mwekundu, wewe wa kijani. Mrefu akacheka, akasema, "Bibi, tunakwenda jeshini, hatuendi kwa dobi." Nikamwambia hata huko mtagombania makoti.

Kisha vita vikaja kweli. Gari lenu likapigwa pale kwenye kivuko cha mto likashika moto, na mtu mmoja akarudi ndani ya moto ule mara nne. Kwanza akamtoa kapteni, akavua koti lake akamfunga nalo mguu uliokuwa unavuja damu. Halafu akawatoa wengine watatu. Kapteni hakuuona uso, wala wale watatu, moshi uliwaziba macho. Alichobaki nacho kapteni ni koti lenye jina, na wenye jina walikuwa wawili. Mlikutwa nje mmelala mchangani bega kwa bega, Mrefu amekufa, wewe huna fahamu, wote mmeungua, na hakuna mwenye koti.

Wakaja hapa nyumbani maofisa wawili, koti wamelitia kwenye mfuko wa nailoni. Wewe ulikuwa hospitali na mpira kooni, husemi. Mrefu tulikuwa tumemzika siku tisa kabla. Mama yake, huyu mama yako mkubwa, alikuwa amelala sakafuni chumba cha ndani, hali kitu, hata maji tunamlazimisha kwa kijiko. Yule ofisa mwenye miwani akasema wanataka kumtunuku aliyefanya kazi ile, lakini hawajui ni yupi kati ya wajukuu zangu. Je, kuna chochote cha kulitambua koti hili?

Nikalipokea. Nikaigeuza kola. Uzi ulikuwa wa kijani.

Nikasema, "Ni la Mrefu."

Sasa nisikilize. Watu wakiijua habari hii watasema bibi alifanya vile kwa huruma, alitaka kumpoza mama aliyefiwa. Usiwakubalie. Huruma ilikuwepo, kiasi cha chumvi kwenye chungu. Kilichojaa chungu ni hasira. Nilikasirika kwamba kati ya wawili, uliyerudi ni wewe. Mrefu ndiye aliyekuwa akinichekesha mpaka naachia pasi. Wewe ulikuwa ukikaa pembeni ya karai unanitazama kama unayehesabu mapovu. Mtoto asiye na mama, niliyemlea mwenyewe tangu ana meno mawili, nikamkasirikia kwa kuwa hai. Nimeliandika. Nililifuta mara mbili, na nimeliandika tena.

Nishani ikaja. Siku ya gwaride nilikaa mstari wa mbele na kitambaa kipya kichwani, na mkubwa mmoja mwenye mabega ya dhahabu akaniinamia. Nilijivuna, sikatai. Tangu hapo kila aliyeniletea shuka alisikia habari ya mara nne motoni, na baadaye nikaongeza na yangu: kwamba mara ya tano Mrefu aliingia akabaki humo humo. Hilo hata jeshi halikulisema. Nililiongeza kwa sababu wateja walikuwa wakinyamaza vizuri nikifika pale.

Ulipotoka hospitali ulikaa jikoni kwangu juu ya ndoo iliyofunikwa, sauti yako bado kama bawaba yenye kutu, ukasema, "Bibi, lile koti lilikuwa langu." Hukulalamika. Ulisema kama mtu anayekujulisha kwamba bomba umeliacha wazi. Nami sikuacha hata kupiga pasi. Nikakuambia, "Mama yako mkubwa ameanza kula juzi. Unataka aache?" Ukafungua mdomo useme jambo jingine, nikasema, "Basi, yamekwisha." Ukaufunga. Wale wa jeshi walipokuja kukuhoji uliwaambia hukumbuki kitu.

Na bado sikutosheka. Watu wa mtaani waliyaona makovu ya mikono yako wakaanza kuuliza, nami mbele ya kinyozi na wateja wake wote nikasema uliungua jikoni kwa jeshi, ulimwagikiwa na uji. Kinyozi akasema, "Kumbe mwenzetu alipigana na sufuria." Wakacheka. Na mimi nilicheka. Toka siku hiyo ukawa Mpishi. "Mpishi, adui kaiva?" "Mpishi, vita vimekolea chumvi?" Uliyavumilia miezi mitano, ukafunga begi. Na siku unaaga nikakusema, mlangoni, kwamba unaikimbia familia.

Miaka kumi na mmoja sasa. Unapiga simu kila mwezi: Bibi hujambo, mama mkubwa hajambo, haya kwaherini. Kama mtu wa kusoma mita ya maji. Nami nakufokea kwamba unabania maneno, wakati aliyekufundisha kuyabania ni mimi.

Utauliza kwa nini leo. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu haikuwa fupi, na kwa umri wangu ilibaki kidogo tu niifikishe kaburini. Ila mwezi uliopita alikuja kapteni.

Sikuwahi kumwona, siku ya gwaride alikuwa bado kitandani. Amestaafu, anatembea na mkongojo, mpole sana. Alikuja kunialika. Wanajenga ukuta wa mawe kwa ajili ya wote waliotunukiwa kwa ushujaa, na majina yatachongwa. Nikampa chai. Akawa anaitazama picha ya Mrefu pale juu ya kabati, ile aliyosimama kwenye mlango wetu.

"Kijana alikuwa na urefu gani, Mama?"

"Wa kawaida."

"Hapa naona ameinama."

"Mlango ni mfupi."

Akageuka akautazama mlango, ambao yeye mwenyewe alikuwa ameupita bila kuinama. Akanywa chai kidogo. Akasema aliyemtoa motoni kichwa chake kilimfika kwapani, alimwegemea kama fimbo. Nikasema moshi hufupisha watu. Alipomaliza chai alisimama, akasema mchongaji anaanza mwisho wa mwezi wa nne, na kwamba kila jina litachongwa pamoja na mwaka wa kuzaliwa na wa kufa. "Jiwe halifutiki, Mama," akasema, akaaga.

Usiniambie basi haidhuru kwa kuwa jina ni moja. Mimi mwenyewe nilijaribu kujidanganya hivyo usiku mzima, nikaona hata mimi siamini. Wiki ile niliunguza shuka tatu za nyumba ya wageni. Mimi, shuka tatu. Jumatatu yake nikavaa viatu vya kutokea nikaenda kwenye ofisi yao ya askari wa zamani.

Karani ni binti mwenye kucha ndefu, anaipiga kompyuta kwa kidole kimoja kama anayemchokoza kuku. Hakuinua macho.

"Unadai nini, Bibi?"

"Sidai. Nimekuja kurudisha."

"Kurudisha nini?"

"Nishani."

"Ina kasoro?"

Nikamwambia kasoro ni mimi. Hapo akainua macho. Akasema watu huja pale kila siku kudai nishani, wengine hata vita hawakuviona, lakini wa kurudisha hajawahi kumpata, na fomu yake haipo. Nikamwambia basi anichoree. Akaniita mkubwa wake. Mkubwa akaniweka kwenye kiti, nikasema yote, akaandika. Aliponisogezea wino niweke kidole gumba nilimwambia kalamu naijua, nikaandika jina langu lote, polepole, na foleni ikangoja. Akanionya kwamba kulidanganya jeshi ni kosa kubwa. Nikamwambia najua, ndiyo maana nimevaa viatu vizuri. Kama ni jela, niingie nimependeza. Alicheka, mshenzi yule. Akasema hakuna wa kunifunga, lakini maneno yangu peke yake hayatoshi kubadili kitu. Lazima aliye hai aandike mwenyewe yaliyotokea na kutia sahihi, na kapteni naye athibitishe. Bila wewe jiwe litachongwa kama lilivyopangwa. Nishani yenyewe hakuipokea, nikarudi nayo nikaitundika pale pale ukutani.

Sasa nikuambie kosa langu la mwisho. Nilianza na ofisi kwa sababu niliogopa nyumbani. Kwa wageni ni rahisi, unasema unakwenda zako.

Mama yako mkubwa nilimwambia siku ya pili yake mchana. Tulikuwa uani tunakunja shuka, unavyojua, mmoja ncha hizi, mwingine ncha zile, mnasogeleana. Tulipokutana katikati nikamwambia. Koti lilikuwa na uzi wa kijani. Nikasema nilivyosema siku ile, na nilivyokunyamazisha jikoni, na kwamba ile mara ya tano niliitunga.

Hakulia. Aliishikilia ile shuka.

"Kwa hiyo mwanangu hakufia ndani ya gari?"

"Hapana. Walimkuta nje, mchangani. Kimya alikuwa pembeni yake."

"Kimya ndiye aliyemtoa?"

"Nani mwingine? Aliyekuwa anaingia na kutoka ni yeye."

"Alitolewa akiwa hai?"

Nikasema sijui.

"Alisema neno?"

Nikasema sijui, anayejua ni Kimya.

"Na hukumwuliza, Mama? Miaka yote hii hukumwuliza?"

Unajua nimemsema mkwe wangu huyu muda mrefu kwamba ni mvivu wa pasi. Kufua anafua, kuanika anaanika, lakini pasi hashiki, na nguo ikiungua kidogo tu anatoka nje ya nyumba. Nimemsema mbele ya wateja, nimemwita malkia. Siku ile pale uani ndipo aliponiambia: kila anaposikia harufu ya kitambaa kinachoungua anamwona mwanawe ndani ya gari, anaita, na hakuna mtu. Miaka kumi na mmoja. Mimi nilidhani nimempa kitu cha kushikilia. Kumbe nilimchukua mwanawe kutoka mikononi mwa ndugu yake nikamrudisha motoni, peke yake, na kwa kila mteja aliyekuja nilimchoma upya.

Akaniachia ncha zangu, akaikunja ile shuka mwenyewe mpaka mwisho. Akaingia ndani akaishusha nishani ukutani, akaifuta vumbi, akaitia kwenye bahasha. Akasema, "Hii si yetu." Kesho yake alinipikia chai kama kawaida, akaiweka mezani, hakukaa. Mpaka leo hajakaa. Simlaumu. Chai yenyewe ni nzuri.

Jumamosi nikaenda kwa kinyozi. Nilichagua saa ambayo pamejaa, kwa kuwa siku ile ya kwanza pia palijaa. Nikasema, mjukuu wangu hakuungua na uji. Nikawaeleza mikono yako iliungua wapi. Kinyozi alizima mashine, na mteja akabaki na nusu ya ndevu. Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja aliniambia nilipaswa kuona haya, nikamwambia ahsante, ninaona, sogea nipite.

Sikuombi msamaha kwenye karatasi. Msamaha wa karatasi ni kama nguo iliyokunjwa mbichi, leo inaonekana safi, keshokutwa inanuka. Ukitaka kunikasirikia nikasirikie vizuri, kwa sauti, piga simu unitukane, nitakaa kwenye kiti nisikilize na sitakukatiza. Unajua mwenyewe hiyo ni kazi kubwa kiasi gani kwangu. Habari yako ya kuingia motoni nimeisimulia mara elfu kwa jina la mwingine, naijua kwa moyo. Ambayo sikuisimulia ni ile ya kunyamaza miaka kumi na mmoja, unaitwa Mpishi, ili mwanamke mmoja aendelee kula. Hiyo jeshi haliijui. Nimewaambia waiandike, yule mkubwa akasema haina pa kuingia kwenye fomu.

Fomu yenyewe nimeifunga humu pamoja na barua. Ijaze au ichane, ni yako, sitakusema. Mwisho wake ni mwisho wa mwezi wa nne.

Lakini kabla hujaigusa fomu, mwandikie mama yako mkubwa. Yeye, si mimi, na usipitishie kwangu salamu wala neno. Mwandikie kama Mrefu alikuwa hai ulipomtoa, na kama alisema lolote, hata kama lilikuwa tusi. Kama alilia, mwandikie alilia. Kama aliita jina la mtu, mwambie ni la nani. Usimpambie, kupamba nimepamba mimi kwa niaba ya ukoo mzima. Na kama hakusema kitu, mwandikie hivyo, kwamba hakusema kitu na wewe ulikuwepo. Ulitaka kuyasema haya siku ile jikoni nikakufunga mdomo, na ni yeye aliyekuwa akiyangoja, ng'ambo ya ukuta, bila kujua kwamba yapo. Ana miwani mipya, atasoma mwenyewe. Siku barua yako itakapofika mimi nitatoka nje nikaanike.

Msalimie mkeo, mwambie asinihukumu mpaka amalize ukurasa. Mbusu mtoto kwenye lile paji la uso alilorithi kwa babu yako, pole yake. Mwalimu jirani anakusalimu, na amekasirika kwamba sikumpa kazi. Mungu akulinde huko juu ulipo na kamba zako za chuma, akushushe salama kila jioni kwa mkeo na mwanao.

Wako akupendaye, ingawa sina shahidi,

Bibi yako.